Madalali wa nyumba na minada: asiyekuwepo na lake halipo?

Kila Mtanzania au Mkenya anayeishi ughaibuni ana hadithi yake ya kiwanja. Kama si yake ni ya binamu yake, na kama si ya binamu ni ya yule aliyelala naye chumba kimoja enzi za kubeba boksi. Hadithi zenyewe zinafanana kama mapacha. Fedha zilitumwa, picha zikaletwa, karatasi yenye mhuri ikaonyeshwa. Siku mwenyewe aliposhuka kwenye ndege na kwenda kukitazama kiwanja chake, akakuta ukuta wa mtu mwingine, mbwa wa mtu mwingine, na mtoto anayechungulia getini kumuuliza anamtafuta nani.

Tumezoea kuzisimulia hadithi hizi kwenye harusi na misiba, tukicheka ili tusilie. Leo tunaomba tusicheke. Nyuma ya kila kiwanja hewa kuna miaka ya zamu za usiku kwenye nyumba za wazee, kwenye maghala na kwenye teksi. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu zaidi ya dola bilioni 4.9 zilizotumwa nyumbani na Wakenya walioko nje kwa mwaka 2024 pekee. Watanzania nao wanatuma, Waganda nao wanatuma. Hakuna asiyejua kwamba baada ya karo za wadogo na dawa za wazazi, kinachobaki humiminwa kwenye ardhi na matofali. Na karibu kila shilingi inayokwenda kwenye ardhi hupita kwanza katika mkono mmoja: mkono wa dalali.

Iko hadithi nyingine ambayo huku ughaibuni hatuisikii sana, lakini nyumbani inasikika kila siku. Ni ya mtu aliyeweka nyumba yake rehani akakopa, biashara ikaanguka, na asubuhi moja akapata habari kwa jirani kwamba nyumba imeshapigwa mnada. Imeuzwa kwa bei ya kutupwa. Aliyeinunua hakuna aliyemwona akipanda bei na mtu mwingine. Mwenye nyumba anapewa siku chache za kutoa vyombo.

Watu huziweka hadithi hizi mbili mbalimbali, ya kwanza kwenye kapu la utapeli na ya pili kwenye kapu la madeni. Sisi tunadhani ni hadithi moja. Dalali wa kiwanja na dalali wa mnada wanafanya kazi ya aina moja: wanauza kisicho chao, kwa niaba ya mtu ambaye mara nyingi hayupo. Katika hadithi ya kwanza asiyekuwepo ni mnunuzi aliyeko Leicester au Muscat. Katika ya pili ni mdaiwa ambaye hakuambiwa siku wala saa. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Walikuwa wakitoa onyo, lakini madalali wasio waaminifu wameligeuza kuwa mtaji.

Naomba ruhusa nitoke kidogo kwenye ile "sisi" ya tahariri niseme la kwangu. Mwaka 2011 nilinunua kiwanja nje ya Dar es Salaam, upande wa barabara ya Bagamoyo. Sikuweza kurudi kukiona, kwa sababu ambazo wasomaji wa muda mrefu wa gazeti hili wanazijua. Nilimtuma dada yangu. Alikwenda Jumapili baada ya ibada, akaonyeshwa mipaka, akaonyeshwa mnazi wa alama, akakutanishwa na mzee aliyetajwa kuwa ndiye mwenye shamba. Shilingi milioni sita zikapita kwenye simu ya dalali, karatasi ikagongwa mhuri. Miaka miwili baadaye tulikuwa watu watatu wenye karatasi za kiwanja kile kile, zote zikiwa na mhuri ule ule, na simu ya dalali haipatikani. Fedha zile niliziomboleza, zikaisha. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi na dada yangu hatukuzungumza karibu mwaka mzima. Yeye alidhani namshuku, na kwa kweli, kwa majuma kadhaa, nilimshuku. Mtu ambaye sikuwahi hata kuiona sura yake alikuwa amenitenga na ndugu wa tumbo moja.

Nayasema haya si kwa kutaka kuhurumiwa. Nayasema kwa sababu nilipotaka kushtaki niligundua jambo ambalo ndilo hasa la kuzungumza leo. Sikujua jina kamili la mtu niliyempa fedha. Hakuna daftari lolote nchini ambalo ningeweza kulifungua nikamtafuta. Nilikuwa na jina la utani na namba ya simu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nilikuwa nimeipeleka mali yangu mahali pasipo na daftari.

Turudi kwenye mambo yenyewe. Tutazame kwanza jinsi kazi ya udalali inavyofanyika kwetu, maana tiba bila kujua ugonjwa ni ramli.

Dalali wa mtaani huanza na fedha ya kuonyeshwa. Unampa hata kama nyumba hukuipenda, na wapo wanaoishi kwa fedha hiyo tu, wakizungusha watu kwenye vyumba ambavyo vimeshapangishwa tangu mwezi uliopita. Ukipata chumba, unamlipa kodi ya mwezi mmoja, juu ya miezi sita au mwaka mzima ambao mwenye nyumba anautaka kwa mkupuo. Kijana aliyeanza kazi juzi analazimika kukopa ili apate mahali pa kulala, na sehemu ya mkopo huo inakwenda kwa mtu aliyemwonyesha mlango.

Kwenye viwanja na nyumba za kuuza kuna "cha juu". Mwenye mali anataka milioni 20. Dalali anamwambia mnunuzi milioni 28. Muuzaji na mnunuzi hawakutanishwi, au wakikutanishwa wameshaambiwa wasitaje bei mbele ya mwenzake. Milioni nane zinaliwa katikati, na juu yake dalali anadai asilimia yake kutoka pande zote mbili. Wengine huita huo ni ujanja wa biashara. Sisi tunauliza: mtu anayemwakilisha muuzaji na mnunuzi kwa pamoja, na anayemficha kila mmoja bei ya mwenzake, anamwakilisha nani?

Halafu kuna mnyororo. Kiwanja kimoja kina madalali wanne au watano, kila mmoja akimjua wa mbele yake tu. Wa mwisho, yule unayezungumza naye kwa simu kutoka ughaibuni, hajawahi kumwona mwenye mali. Anakutumia picha aliyotumiwa. Jambo likiharibika, kila mmoja anamsukumia mwenzake, na wa kwanza kabisa hayupo. Na juu ya yote hayo kuna haraka. Daima yupo mtu mwingine anayekuja kesho asubuhi na fedha taslimu. Toa kishika uchumba leo, la sivyo utajuta. Arubuni ikishatoka mfukoni mwako, uwezo wako wa kuuliza maswali umetoka pamoja nayo.

Kwa aliyeko nje liko jambo la ziada. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999, katika kifungu cha 20, iliweka kwamba asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Na kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa watu wazima, ndugu zetu wengi waliochukua pasi za Uingereza, Marekani au Canada walijikuta wageni mbele ya ardhi ya babu zao. Mwaka 2024 Serikali ilileta muswada wa kuwapa watu hao hadhi maalumu, na hilo ni jambo jema. Lakini kwa miaka yote hiyo walinunua kwa majina ya kaka, shangazi na marafiki. Dalali mjanja analijua hilo. Anajua kwamba ukiibiwa hutakwenda polisi kwa haraka, kwa sababu swali la kwanza litakuwa: wewe ni nani katika kiwanja hiki?

Sasa upande wa minada. Hapa hatuwezi kusema hakuna sheria. Sheria zipo, na nyingine ni nzuri kuliko tunavyodhani. Sheria ya Madalali wa Mnada ya Tanzania, Sura ya 227, inakataza ardhi kuuzwa kwa mnada mpaka zipite angalau siku 14 za tangazo la hadhara, katika mji mkuu wa wilaya na pia mahali mauzo yatakapofanyika. Inataka tangazo lisiwe la maandishi tu, bali litolewe pia kwa njia inayoeleweka na watu wasiosoma, liwe kwa Kiswahili na Kiingereza, na litaje jina na makazi ya mwenye mali. Sheria hiyo ni ya zamani, lakini aliyeiandika alielewa kitu: kwamba mnada wa siri si mnada.

Sheria ya Ardhi nayo inamtaka mkopeshaji ampe mdaiwa notisi ya siku 60 kwanza. Kifungu cha 133 kinamwamuru anayeuza kwa nguvu ya rehani atumie uangalifu wa kutosha kupata bei bora inayopatikana wakati huo. Bei ikiwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba wajibu huo umevunjwa, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Kenya iliweka kipimo hicho hicho katika kifungu cha 97 cha Sheria yake ya Ardhi ya 2012. Kanuni za Madalali wa Mnada za Kenya za 1997 nazo zinampa mwenye mali siku 45 za kuikomboa kabla haijatangazwa.

Kwa nini basi nyumba bado zinauzwa kwa bei ya karanga? Tuchukue mfano wa hesabu. Nyumba ina thamani ya shilingi milioni 120. Deni lililobaki ni milioni 40, gharama za mnada na dalali milioni 5. Ikiuzwa kwa milioni 100, benki inapata chake, dalali anapata chake, na mwenye nyumba anaondoka na milioni 55 za kuanzia maisha upya. Ikiuzwa kwa milioni 45, benki imepata chake, dalali amepata chake, na mwenye nyumba anaondoka na godoro. Angalia vizuri: kati ya watu watatu hao, ni mmoja tu ambaye bei ilimhusu, na ndiye ambaye hakuwa na sauti katika kuipanga. Benki ikishalipwa deni lake haina njaa ya kutafuta zaidi. Na dalali, kama mnunuzi ni mtu aliyeletwa na yeye, anaweza kuwa na sababu ya kutaka bei iwe ndogo.

Hapo ndipo ujanja unapoingia. Tangazo linawekwa kwa herufi za mchwa katika gazeti ambalo mdaiwa halisomi. Mnada unafanyika saa ambayo watu wako kazini, au unatajwa mahali pamoja ukafanyika pengine. Wapanda bei wanne wanakuja na gari moja. Masharti ya kulipa robo ya bei papo hapo, ambayo kwa yenyewe si mabaya, yanamfukuza mpita njia aliyevutiwa na kumwachia uwanja yule aliyeambiwa mapema aje na fedha. Nyundo inagonga, mambo yamekwisha.

Na yakishakwisha, yamekwisha kweli. Kifungu cha 135 cha Sheria ya Ardhi ya Tanzania kinamlinda mnunuzi, na kinamwambia aliyedhulumiwa kwamba haki yake ni kumdai fidia aliyeuza. Tunaelewa sababu yake: bila ulinzi huo hakuna mtu atakayenunua mnadani kwa bei ya maana. Lakini maana yake kwa mama aliyetolewa nje na watoto ni kwamba nyumba hairudi. Anachobaki nacho ni kesi, na kesi inataka wakili, wakili anataka fedha, na fedha ndiyo iliyomfikisha hapo. Kwa hiyo ulinzi wake wote lazima uwe kabla ya nyundo. Baada ya nyundo ni mazungumzo tu.

Nini kifanyike? Tusiende mbali kwa kuanza. Tanzania imepita miongo mingi bila sheria mahususi ya kumsajili na kumsimamia wakala wa nyumba na viwanja. Wakili ana daftari lake. Mpima ardhi ana bodi yake. Mthamini ana Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016. Hata dalali wa mahakama, chini ya kanuni za 2017, anatakiwa awe na cheti kutoka Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, na kuna kamati inayoweza kumwadhibu. Katika safari nzima ya kiwanja, kutoka kwa mpima hadi kwa wakili, mtu pekee asiye na daftari ndiye anayeshika fedha.

Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa ndogondogo, na udalali wa biashara na wa nyumba na ardhi ukawa mmoja wapo. Hatuna ugomvi na nia ya kuwalinda wazawa. Lakini tuseme ukweli: aliyeniuzia kiwanja hewa alikuwa mzawa. Amri hiyo imesema dalali asiwe mgeni. Tunasubiri ile itakayosema dalali awe mwaminifu.

Wapo watakaojibu kwamba sheria haitasaidia kitu, na watatuelekeza Kenya. Wana hoja. Kenya imekuwa na Sheria ya Mawakala wa Nyumba tangu 1984, yenye bodi ya usajili, na inasema waziwazi kwamba kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa ni kosa la jinai. Pamoja na hayo, Nairobi na viunga vyake havikukosa mawakala wa mfukoni wala viwanja vilivyouzwa mara mbili. Sheria iliyolala ni sawa na mbwa wa udongo getini. Lakini hatuoni kwamba funzo la Kenya ni kuacha kutunga sheria. Funzo lake ni kwamba haitoshi kuandika nani anaruhusiwa kufanya kazi. Lazima uiguse fedha yenyewe, ipite wapi na ikae kwa nani.

Hapa Uingereza tunakoandikia kuna jambo litakalowashangaza wengi. Wakala wa kuuza nyumba katika England hahitaji leseni. Mtu yeyote anaweza kuamka kesho akafungua ofisi. Lakini Sheria ya Mawakala wa Nyumba ya 1979 inamtaka aweke fedha za wateja katika akaunti ya peke yake, isiyochanganywa na fedha zake. Inamtaka atangaze kama yeye mwenyewe ana maslahi katika mali anayoiuza. Na inaruhusu asiyefaa apigwe marufuku. Tangu 2008 kila wakala wa namna hiyo lazima awe mwanachama wa chombo cha kusikiliza malalamiko, ambako mteja hahitaji wakili. Wahuni wapo hapa pia, tusidanganyane. Ila wanapata kazi zaidi kuiba.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo manne, na tunayatoa kwa serikali za Tanzania na Kenya kwa pamoja.

Kwanza, daftari lililo wazi. Kila dalali wa nyumba, kiwanja au mnada awe na namba, na mtu yeyote mwenye simu, awe Mbagala au Minneapolis, aweze kuiandika namba hiyo akaona jina kamili, picha, eneo la kazi na kama amewahi kuadhibiwa. Ada yake iwe ndogo. Tukiweka ada ya mamilioni tutakuwa tumewafukuza vijana waaminifu na kuwaachia kazi wenye mitaji, ambao si lazima wawe waaminifu.

Pili, na hili ndilo kubwa kuliko yote: dalali asishike fedha ya ununuzi. Bei ya kiwanja au nyumba ikae kwa wakili au katika akaunti maalumu ya benki mpaka Msajili wa Hati athibitishe kwamba anayeuza ndiye mwenye mali, kisha itoke. Dalali alipwe ujira wake mwishoni, kwa kiwango kilichoandikwa katika mkataba wa Kiswahili unaosomeka, na bei iliyotajwa kwa muuzaji iwe ile ile iliyotajwa kwa mnunuzi. Cha juu kiitwe kwa jina lake, yaani wizi. Dubai iliona hasara ya kununua hewa na mwaka 2007 ikatunga sheria ya kuweka fedha za wanunuzi wa majengo yanayojengwa katika akaunti za dhamana. Ndugu zetu walioko Ghuba wanalijua hilo vizuri. Kama linawezekana kwa maghorofa ya Dubai, haliwezi kushindikana kwa viwanja vya Kibaha.

Tatu, mnada uwe mnada. Thamani ya nyumba kwa tathmini ya mthamini aliyesajiliwa itajwe ndani ya tangazo lenyewe. Tangazo libandikwe kwenye nyumba, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa na mahali pamoja pa wazi kwenye mtandao. Kila bei iliyotajwa na jina la aliyeitaja viandikwe. Mnunuzi aape kwamba hana undugu wala ubia na dalali wala na ofisa wa benki. Na bei ikishuka chini ya ile robo ambayo sheria imeshaiweka, mauzo yasikamilike mpaka mahakama iyaangalie. Leo mzigo wa kwenda mahakamani anabebeshwa aliyefilisika. Abebe anayeuza.

Nne, adhabu iwe ya kumtoa mtu kazini. Faini hailiumizi kundi linalogawana milioni nane kwa kiwanja kimoja. Kufutwa kwenye daftari, jina likaonekana na watu wote, kunaumiza.

Tunajua tutaambiwa kwamba madalali ni vijana wanaojitafutia riziki katika nchi zisizo na ajira. Ni kweli kabisa. Udalali ni kazi ya heshima na ya zamani katika pwani yetu, tangu enzi za majahazi. Mji kama Dar es Salaam, ambako mitaa mingi imeota bila ramani, hauwezi kwenda bila watu wanaojua chumba gani kimeachwa wazi na nani anataka kuuza. Dalali mwaminifu, anayekuamsha asubuhi kukuambia usinunue kile kiwanja kwa sababu kina kesi, ana thamani kuliko ujira anaodai. Yeye ndiye wa kwanza kuumizwa na wahuni, maana leo akijitambulisha tu kwamba ni dalali, mtu anashika mfuko. Daftari litamsaidia yeye kabla halijatusaidia sisi.

Na sisi wanunuzi tusijifanye malaika. Tunapenda njia ya mkato. Tunaambiwa bei ni nusu ya soko, na badala ya kuuliza kwa nini tunakimbilia kutuma fedha. Tunakubali kuandika bei ndogo kwenye mkataba ili kukwepa kodi, kisha tunashangaa mkataba huo unapotugeuka mahakamani. Tunaona uvivu kumlipa wakili laki chache afanye upekuzi kwa Msajili, halafu tunapoteza milioni kumi. Mpaka sheria itakapokuja, na hata itakapokuja, upekuzi kwanza na fedha baadaye. Muulizeni jirani wa kiwanja kabla ya mwenye kiwanja. Mhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba mtu fulani alikuwa na mhuri, si zaidi.

Tunawaomba wabunge wa pande zote walichukue jambo hili bila kungoja uchaguzi. Balozi zetu, ambazo kila mwaka hutualika kwenye ukumbi na kutuambia tuwekeze nyumbani, zianze kutuambia pia tuwekeze kupitia kwa nani, na tukidhulumiwa tugonge mlango gani. Na taasisi za benki zinazotutangazia mikopo ya nyumba zitambue kwamba nyumba iliyouzwa kwa bei ya karanga ni aibu yao pia, hata kama deni lao limelipwa.

Mimi na dada yangu tumeshapatana. Mwaka jana alinipigia kuniambia kuna kiwanja kinauzwa karibu na kwake, na kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshasema: "Nimeshakwenda kwa Msajili, kaka. Jina ni lake kweli." Nilinyamaza kwenye simu kidogo. Alichokuwa amekifanya kwa nauli yake na siku yake ya kazi ndicho ambacho serikali ingepaswa kumfanyia kila raia, aliyeko na asiyekuwepo.